Kwa Nini Kuacha Pombe ni Kugumu, na Nyumba Inaweza Kufanya Nini

Mtu akitangaza kwamba ameacha pombe, akakaa wiki mbili, kisha akarudi baa, jamaa zake aghalabu humhukumu kwa neno moja: hana nia. Hukumu hiyo ni rahisi kuitoa na ina madhara makubwa, kwa sababu mnywaji mwenyewe huiamini, akaona hakuna haja ya kujaribu tena. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia za Kampala, kuanzia Nakawa hadi Rubaga, ili kueleza jambo tofauti. Unywaji ni tabia ambayo mtu hufundishwa na watu wengi kwa miaka mingi, hadi mwili wake nao ukaizoea. Tabia ya namna hiyo si rahisi kuachwa na mtu aliyeachiwa vita peke yake. Anayetaka kuacha anahitaji tiba ya mwili, na anahitaji pia watu wake wa karibu wabadilishe yale waliyokuwa wakimfundisha bila wao kujua.

Watu wengi hawanywi

Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2014 kuhusu vyanzo vya magonjwa yasiyoambukiza ulihoji watu wazima karibu 4,000 kote Uganda. Waliokuwa wanywaji walikuwa asilimia 26.8, yaani kidogo tu zaidi ya mmoja kati ya wanne. Lakini asilimia 9.8 ya wote waliohojiwa walionekana kuwa na matatizo ya unywaji ya kiwango kinachohesabiwa kitabibu kuwa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba Uganda ilitumia lita 9.5 za alkoholi halisi kwa mwaka kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea, wakati wastani wa kanda ya Afrika ulikuwa lita 6.3. Ukiziweka takwimu hizi pamoja utaona kwamba wanaokunywa si wengi, ila wanaokunywa hunywa sana.

Hapa kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, pombe si hitaji la kimaumbile kama chakula na usingizi. Watu wengi wazima nchini wanaishi, wanafanya kazi na wanafurahi bila kuionja. Pili, anayeanza kunywa huingia katika kundi ambalo kipimo chake cha kawaida tayari ni kikubwa. Kijana anayetembea Kabalagala au Wandegeya usiku huona baa zilizojaa na mabango yenye taa, akaamini kwamba kila mtu anakunywa. Wale ambao hawanywi wako majumbani mwao, na hakuna bango linalowatangaza. Imani hiyo ya uongo, kwamba asiyekunywa ni mtu wa ajabu, ndiyo somo la kwanza la ulevi.

Mwili unavyozoea

Alkoholi hupunguza kasi ya ubongo. Huongeza nguvu ya kemikali zinazotuliza na kufifisha zile zinazochangamsha, na wakati huohuo huamsha sehemu ya ubongo inayotoa hisia ya raha. Mtu akinywa kila siku, ubongo hujirekebisha ili uweze kufanya kazi: hupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza uchangamfu. Ndiyo maana chupa mbili zilizokuwa zikimtosha mwaka jana leo hazimfikishi popote. Ni kama mtu anayeusukuma mlango unaopigwa na upepo mkali: upepo ukikoma ghafla, yeye huanguka mbele kwa nguvu zake mwenyewe. Pombe ikikatwa, uchangamfu ule uliorundikana hubaki bila kizuizi. Mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, usingizi hutoweka. Hiyo ndiyo arosto, nayo huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho. Anayezimua asubuhi kwa glasi moja ya waragi mara nyingi hatafuti starehe tena. Anatuliza mateso ambayo glasi ya jana imeyaleta.

Kwa mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, arosto inaweza kuua. Kifafa kinaweza kutokea ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo na kupandwa na homa kali. Kwa hiyo familia isimfungie ndani mtu kama huyo kwa nguvu na kumnyima pombe ghafla, hata kama inafanya hivyo kwa upendo. Apelekwe kwanza kwa mhudumu wa afya. Zipo dawa za kutuliza ubongo kwa siku hizo chache, na vitamini B1 huongezwa kwa sababu unywaji wa muda mrefu huimaliza mwilini, na upungufu wake huharibu kumbukumbu.

Mazoea yana taabu

Kama tatizo lingekuwa arosto pekee, wiki moja ya matibabu ingetosha. Lakini wengi hurudia baada ya mwezi au mwaka, wakati mwili umekwisha kutulia. Sababu ni kwamba ubongo haukujifunza pombe peke yake, ulijifunza pia kila kilichoambatana nayo: saa ya kutoka kazini, siku ya mshahara, sauti ya kizibo, rafiki fulani, benchi fulani. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Alan Marlatt na wenzake nchini Marekani waliwapa wanywaji vinywaji wavionje. Baadhi waliambiwa ndani mna vodka, wengine wakaambiwa hamna, na watafiti walichanganya makusudi, hata maneno yasilingane na kilichokuwamo. Walioamini kwamba wanakunywa vodka walikunywa zaidi, hata pale ambapo glasi haikuwa na tone la pombe. Wazo la pombe pekee lilitosha kuamsha tabia.

Ushahidi mwingine unatokana na vita vya Vietnam. Askari wengi wa Marekani walipata uraibu wa heroini wakiwa huko, na serikali yao ikahofia wimbi la waraibu mitaani. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorudi nyumbani mwaka 1971 na kukuta kwamba, kati ya waliokuwa waraibu kule, takriban 12 kwa kila 100 ndio waliorudia uraibu katika miaka mitatu iliyofuata. Walikuwa wamesafishwa miili, ni kweli, lakini pia walikuwa wameacha nyuma kambi, wenzao na hofu iliyokuwa ikiwasukuma kutumia. Heroini si pombe, na Kampala si kambi ya jeshi. Hata hivyo funzo linabaki: mahali na watu wana nguvu kubwa juu ya uraibu. Mnywaji wa Bwaise anayemaliza matibabu hurudi Bwaise ileile, kwenye mlango uleule, na marafiki walewale wakimngoja kwa furaha.

Shule ya pombe

Tazama chungu cha malwa. Wanywaji huketi wakikizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mwenye nyumba huja mara kwa mara na birika la maji ya moto kuongeza juu ya ulezi uliochachuka. Chungu hakionekani kupungua, na hivyo hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Anayetaka kuondoka lazima autoe mrija wake mbele ya wote, na swali huja papo hapo: unakwenda wapi mapema hivi? Katika baa za chupa kazi hiyo hufanywa na raundi. Ukinunuliwa, una deni. Ukinunua, unangoja kulipwa. Mtu akikaa na wenzake watano, heshima inamtaka anywe angalau mara tano, hata kama alikuja kwa chupa moja.

Masomo mengine hutolewa nyumbani. Kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulisha wachumba, pombe huwa miongoni mwa zawadi za heshima zinazopelekwa kwa wazazi wa binti. Kwenye lumbe, yaani mkutano wa ukoo wa kumalizia msiba, ukoo hukutana na pombe hunywewa. Mtoto anayeona kwamba posa, msiba, mtihani uliofaulu na mgeni aliyetoka mbali vyote hufunguliwa kwa chupa, hujifunza kwamba hakuna jambo kubwa linalokamilika bila pombe. Mtoto anayetumwa dukani kumchukulia mjomba bia hujifunza zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa na Monica Swahn na wenzake kati ya vijana wa mitaa ya mabanda ya Kampala, ulionyesha kwamba ulevi wa vijana hao ulihusiana na pombe iliyowazunguka na namna inavyotangazwa.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo watakaosema: mwacha mila ni mtumwa, na pombe ni mila yetu. Hoja hii inastahili heshima. Ni kweli kwamba tonto ya ndizi ilikuwapo Buganda kabla ya kiwanda chochote. Lakini ilikuwa pombe nyepesi, iliyochukua siku kadhaa kuiva na kuchacha, na isiyodumu muda mrefu. Haikuwa rahisi kuiweka akiba na kuinywa kila usiku kwa mwaka mzima. Kiwanda cha bia cha Port Bell kilianzishwa mwaka 1946, na waragi ya chupa ilianza kutengenezwa baada ya sheria ya mwaka 1965 kuhusu enguli, yaani pombe kali ya kienyeji. Pombe kali inayouzwa kila saa, kila kona, haikuachwa na mababu. Tena, katika mila, kiini cha kwanjula ni familia mbili kutambulishana na kukubaliana. Kreti za soda na juisi zinaweza kupokewa kwa heshima ileile, na familia nyingi za Waislamu na Walokole hapa Kampala zimekuwa zikifanya hivyo bila ndoa zao kupungukiwa na kitu.

Wengine watasema: ukimwambia mlevi kwamba amefundishwa na jamii, umempa kisingizio. Hapana. Kueleza chanzo si kufuta wajibu. Mwenye kisukari hakuchagua ugonjwa wake, lakini kumeza dawa na kuchunga chakula ni juu yake, na hatumwachi apike peke yake chakula kinachomfaa huku sisi tukimwekea soda mezani. Nia inahitajika, tena sana. Ila nia ni nguvu inayochoka, na mtu anayepaswa kukataa pombe mara kumi kwa jioni moja atachoka haraka kuliko anayepaswa kukataa mara moja. Kila jaribu ambalo nyumba inaliondoa ni nguvu inayobaki kwa ajili ya kesho yake.

Wapo pia watakaosema kwamba kazi hii ni ya serikali. Serikali ina wajibu mkubwa. Mwaka 2019 Uganda ilipiga marufuku pombe ya vifuko vya plastiki, kama Tanzania ilivyofanya kwa viroba mwaka 2017, na hatua hiyo ilikuwa na maana kwa sababu kifuko kilikuwa rahisi kununua kwa sarafu na rahisi kuficha kwenye mfuko wa mwanafunzi. Lakini muswada wa mwaka 2023 uliotaka kupunguza saa za kuuza pombe ulikataliwa Bungeni mwaka 2024. Familia inayosubiri sheria inaweza kumpoteza mtu wake kabla sheria haijapita.

Kazi ya nyumba

Mjadala wa kwanza ufanyike asubuhi, mtu wenu akiwa hajanywa, na uongozwe na yule anayemheshimu: huenda ni ssenga (shangazi), huenda ni kaka mkubwa, huenda ni kiongozi wa dini. Asisimangwe mbele ya watoto. Aulizwe ni saa ngapi na mahali gani hamu humshika zaidi, kwa sababu hapo ndipo pa kuanzia. Kama ni saa kumi na mbili jioni kwenye kituo cha bodaboda, mtu wa nyumbani amngoje pale, au apewe kazi ya saa hiyo upande mwingine wa mji. Kama ni siku ya mshahara, akubaliane na mke wake namna fedha zitakavyopokewa. Pombe yote iondoke nyumbani, ikiwemo ile iliyowekwa kwa ajili ya wageni. Marafiki waambiwe wazi kwamba hawezi kununuliwa hata moja, kwa maana kwa aliyekwisha kuwa mraibu, moja mara nyingi hufungua njia ya nyingine nyingi.

Matibabu yapo. Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Magonjwa ya Akili, Butabika, iliyoko mashariki mwa jiji, ina kitengo cha waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Usione haya kwa sababu ya jina la hospitali; uraibu ni ugonjwa wa ubongo na hutibiwa na wanaoujua ubongo. Unaweza pia kuanzia kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, kama Kisenyi au Kawaala, na kuomba rufaa. Mgonjwa akipata kifafa, homa au kuweweseka baada ya kuacha pombe, mpelekeni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Na akirudia, msitangaze kwamba ameshindwa. Wengi walioacha kabisa walirudia kwanza. Muulizeni ni nini kilichomrudisha, mkiondoe, kisha aanze tena siku hiyohiyo. Familia ndiyo iliyokuwa darasa lake la kwanza la pombe, na familia hiyohiyo inaweza kumfundisha kuishi bila pombe. Anzeni wiki hii.