Mkate wa Kujazia Bata Mzinga na Lishe Yake

Nchini Marekani, Siku ya Shukrani ifikapo kila Alhamisi ya nne ya Novemba, bata mzinga huandaliwa pamoja na chakula cha kando kitokanacho na mkate uliokauka. Mkate hukatwa vipande vidogo, ukachanganywa na vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi, majani ya viungo na supu, kisha hujazwa tumboni mwa ndege huyo au huokwa peke yake. Kuoka peke yake ni salama zaidi. Mkate ulio tumboni hufyonza maji ya nyama mbichi, na usipofikia joto la nyuzi 74 za Selsiasi, vijidudu huweza kubaki hai ijapokuwa nyama ya nje imekwisha kuiva.

Gramu 100 za chakula hiki hutoa takriban kilokalori 180, nyingi zikitokana na wanga na mafuta; protini ni haba. Lakini jambo kubwa ni chumvi. Imo katika mkate, mara nyingi katika siagi, na kwa wingi katika supu ya vidonge; mpishi asiyeonja huongeza nyingine. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai. Mwenye shinikizo la damu na apikiwe kwa supu ya mifupa isiyotiwa chumvi, siagi ipunguzwe, vitunguu viongezwe. Mkate ulioota ukungu hautumiki kabisa, hata ukikatwa sehemu iliyoharibika.