Kimo cha Volkswagen ya Zamani

Gari la Volkswagen lenye umbo la kobe, lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, halina springi za kawaida. Nyuma, kila gurudumu hubebwa na nondo ya feleji iliyolala kimapana, ambayo husokotwa uzito unapoongezeka. Ncha yake ya ndani ina meno 40, na ya nje 44. Yaani jino la ndani ni nyuzi 9, na la nje ni nyuzi 8 na dakika 11 hivi. Fundi akizungusha ncha ya ndani jino moja, kisha akirudisha bamba la nje jino moja, badiliko halisi ni dakika 49 tu. Hesabu hiyo ndogo yatosha kusawazisha gari lililoinama.

Anayenunua nondo nyingine na atazame unene. Ugumu hufuata kipeo cha nne cha kipenyo: nondo ya milimita 24 huizidi ya milimita 22, urefu ukiwa sawa, kwa asilimia 42 hivi. Kimo huamuliwa na meno. Nondo ya kushoto isihamishiwe kulia, kwani imekwisha zoeshwa kusokotwa upande mmoja.

Hatari imo katika kuinua mno. Kwenye ekseli za kubembea, nyuma ikiinuliwa, nyayo za magurudumu husogeleana. Penye kona kali gurudumu la nje laweza kujikunja chini ya gari na kulipindua. Kwa njia za makorongo, afadhali tairi kubwa kidogo, mradi zisiguse madigadi.