Mdogo Wangu, Mada Yako ni Pana Mno

Wadogo zangu, wiki hii nimekaa na ujumbe wa binti wa mwaka wa tatu anayesomea ualimu. Msimamizi wake amemrudishia pendekezo la utafiti kwa mara ya pili. Mada yake ni "Dhamira katika Riwaya za Euphrase Kezilahabi", naye ananiuliza kama abadilishe nadharia yake ya ufeministi.

Nadharia iache kwanza, mdogo wangu. Riwaya za Kezilahabi ni sita. Rosa Mistika ilitoka 1971, Nagona 1990 na Mzingile 1991, na katika miaka hiyo mtindo wake ulibadilika mno, hata aliyeizoea ile ya kwanza akifungua Nagona hudhani kashika kitabu cha mtu mwingine. Wewe una muhula mmoja tu. Utaishia kuorodhesha ulevi, mapenzi, malezi na elimu, na msimamizi atakuuliza ni lipi kati ya hayo lilikuwa halijulikani.

Chukua kitabu kimoja. Tuseme Rosa Mistika. Wanafunzi wengi huandika kwamba malezi mabaya huharibu watoto, wakamaliza. Lakini hilo ulilijua kabla hujakinunua kitabu! Rudi ukisome ukiwa na swali ambalo jibu lake bado huna. Kwa mfano, msimulizi anamtupia nani lawama? Zakaria anapompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, msimulizi amesimama upande gani? Na Rosa akishakuwa mbali na baba yake, sauti ile ile inaendelea kumhurumia au imeanza kumhukumu? Swali la namna hii linaweza kukukatalia, ukaenda ukitarajia huruma ukakuta lawama. Ndiyo maana linafaa kuwa utafiti.

Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Wengi hulitaja jambo hilo kwenye usuli kama pambo na kupita. Wewe litumie. Ikiwa kuna watu wazima walioogopa kitabu hiki kisije kikaguswa na vijana, basi waliisikia sauti ya msimulizi tofauti na unavyoisikia wewe. Hapo una ubishi wa kweli wa kuujenga, na mapitio yako ya maandiko yatapata uhai. Hutalazimika tena kupanga aya zinazoanza "fulani alichunguza hiki, fulani alichunguza kile". Utamuuliza kila mtafiti alimsikiaje msimulizi, na unapishana naye wapi.

Tafuta daftari la kawaida. Ukurasa wa kushoto nakili maneno ya kitabu na namba ya ukurasa, wa kulia andika unachofikiri wewe. Ukikuta kulia kumebaki kutupu, ujue unasimulia hadithi tu, bado hujaanza kuchambua. Tena shika toleo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kitabu hiki kimechapishwa zaidi ya mara moja, na kurasa za toleo la rafiki yako huenda zisilingane na zako. Nimeona mtu akirekebisha namba za kurasa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, machozi yanamtoka.

Sasa nadharia. Mimi nilianza na Umaksi kabla sijajua ninatafuta nini, nikatumia wiki nyingi kulazimisha kila mhusika awe mnyonyaji au mnyonywaji. Msimamizi wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: ukiiondoa nadharia, riwaya yenyewe inakwambia nini? Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye kitabu na kuanza upya. Kwa swali la sauti ya msimulizi, nadharia za usimulizi zitakusaidia kuliko ufeministi uliouchagua kwa kuwa wenzako wote wameuchagua. Ukigundua njiani kwamba lawama zinamwangukia mwanamke kila mara, basi ufeministi utauita wewe mwenyewe, na utakuwa na sababu.

Na tafadhali, usichukue aya za tasnifu ya mtu mtandaoni ukabadilisha majina. Unajinyima kitu ambacho hakuna atakayekupa tena ukishamaliza chuo: miezi kadhaa ya kukaa na kitabu kimoja, na mtu mzima aliyesoma akisubiri kusikia unakionaje.

Leo usiguse sura ya kwanza. Andika swali lako kwa sentensi moja, chini yake weka nukuu tatu zinazokutatanisha, umpelekee msimamizi hiyo karatasi moja. Kisha uniandikie alichokujibu.