Ol Doinyo Lengai: Mlima Utoao Zaha ya Magadi

Vitabu vya Jiografia tulivyovisoma shuleni aghalabu huieleza volkano kwa mfano mmoja: mlima wenye umbo la pia, kasoko kileleni, na zaha nyekundu inayotiririka polepole kama uji mzito. Mwanafunzi atakayekwenda na mfano huo hadi Ol Doinyo Lengai atastaajabu. Huko atakuta zaha nyeusi, nyepesi mithili ya maji, ambayo baada ya siku chache hugeuka ikawa nyeupe. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya ajabu hiyo na kuipitia historia ya milipuko ya mlima huu, kwa sababu utulivu wa zaha yake umewafanya wengi wausahau ukali wake.

Mlima wenyewe umo kaskazini mwa Tanzania, ndani ya Bonde la Ufa, kusini mwa Ziwa Natron. Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 190 tu kwa mwendo wa ndege, ingawa msafiri wa barabara atauona umbali huo kuwa mrefu maradufu. Kimo chake kinakaribia mita 2,900. Jina ni la Kimaasai, na hufasiriwa kuwa Mlima wa Mungu. Lakini tafsiri hiyo inapunguza kitu: neno enkai katika lugha hiyo hubeba maana ya Mungu, na papo hapo maana ya mbingu na mvua. Isitoshe, Wamaasai humtaja Enkai Narok, yaani mweusi, aliye mpole na mleta neema, na Enkai Nanyokie, yaani mwekundu, mwenye ghadhabu. Sidai kwamba mlima huu ndio uliozaa imani hiyo. Nasema tu kwamba hali mbili za volkano hii zingewezaje kuelezwa vizuri zaidi ya hivyo?

Tuanze na hali ya upole. Zaha ya volkano nyingi duniani imejaa silika, na hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,000 za selsiasi au zaidi. Zaha ya Lengai karibu haina silika. Imeundwa kwa kabonati za sodiamu, kalsiamu na potasiamu, na joto lake huwa kati ya nyuzi 500 na 600 hivi. Wanajiolojia huiita natrokabonatiti. Nasi wanafunzi wa Kiswahili hatuna haja ya kuliogopa jina hilo, maadamu lugha yetu inayo tayari neno la kitu chenyewe: magadi. Kabonati ya sodiamu ndiyo magadi ambayo mama zetu hutia katika mrenda au maharagwe ili yaive upesi. Kwa hiyo zaha ya Lengai, kwa sehemu kubwa, ni magadi yaliyoyeyuka. Na kwa kuwa joto lake ni dogo, mchana haing'ari. Huonekana kama matope au mafuta machafu ya gari, na ni usiku tu ndipo wekundu wake hafifu hudhihirika. Ikishaganda, madini yake huanza kuungana na unyevu wa hewa na kupauka. Weupe wa kileleni ambao mgeni huudhania theluji ni magadi hayo.

Madini mawili makuu ya zaha hii yana majina yanayostahili kukumbukwa. Moja ni nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. La pili ni gregoriiti, lililopewa jina la J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyelichunguza Bonde la Ufa mwishoni mwa karne ya 19. Ni nadra kumkuta mwanasiasa wa Afrika ndani ya jiwe.

Hadi katikati ya karne ya 20, wataalamu wengi walitilia shaka kwamba miamba ya kabonati, inayofanana sana na mawe ya chokaa, ingeweza kutokana na magma. Miamba ya namna hiyo ilikuwapo kwetu pia, mathalani katika vilima vya Homa karibu na Ziwa Viktoria na katika kilima cha Mrima huko Kwale. Ila volkano hizo zilikuwa zimezimika kale, na hakuna aliyewahi kuziona zikitoa zaha. Mnamo 1960, J. B. Dawson na wenzake walishuka katika kasoko ya Lengai wakaiona zaha ya kabonati ikitiririka mbele ya macho yao. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1962, na shaka ile ikakosa pa kusimamia. Mpaka leo Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa zaha hiyo.

Hata hivyo, mlima haukujengwa kwa zaha ya magadi. Ukichunguza mabonde yaliyochimbwa na maji ubavuni mwake, utakuta matabaka juu ya matabaka ya majivu na vipande vya mawe yenye silika, yaani fonoliti na nefeliniti. Zaha ya magadi ni utando mwembamba tu wa juu. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mlima ni kazi ya milipuko, si ya mitiririko. Wanaokwenda kuipiga picha zaha ile tulivu wanatazama ngozi, wala hawauoni mwili.

Kumbukumbu zilizoandikwa zinathibitisha hayo. Milipuko mikubwa ya majivu ilitokea mwaka 1917, kisha 1940 hadi 1941, kisha 1966 hadi 1967. Baina ya milipuko hiyo mlima ulitulia, au ulitoa zaha kidogo kidogo kasokoni. Kuanzia 1983 zaha ilirejea, ikaijaza kasoko ya kaskazini taratibu, hata mwaka 1998 ikafurika ukingoni. Hiyo ndiyo miaka iliyoupatia mlima sifa ya upole.

Julai 2007 mambo yalibadilika. Matetemeko ya ardhi yalianza chini ya Gelai, mlima ulio jirani, na lile la tarehe 17, lenye ukubwa wa takriban 5.9, lilisikika hadi Nairobi. Wafanyakazi walikimbia kutoka majengo marefu ya jiji, wengi wao bila kujua chanzo kiko wapi. Chini ya Gelai magma ilikuwa imejipenyeza katika nyufa, lakini haikufika juu. Tarehe 4 Septemba, Lengai ikalipuka, na majivu yakaendelea kurushwa hadi mwaka 2008. Sakafu ya zaha iliyojengwa kwa zaidi ya miaka 20 iliangamia, pakabaki shimo refu.

Kwa nini mlima mmoja ubadilike hivyo? Katika kina cha ardhi, magma ya kabonati na ile ya silika hutengana kama mafuta na maji chunguni, na ile nyepesi ya magadi hupanda kwanza. Magma mpya ya silika yenye joto kali inapoingia na kuikuta, kabonati huvunjika, nayo gesi ya kaboni dioksidi hufoka kwa wingi. Aliyewahi kukamulia ndimu juu ya magadi amekwisha kuona povu la namna hiyo, japo kwa kipimo cha kijiko.

Walioathirika zaidi mwaka 2007 ni wafugaji wa Kimaasai. Majivu yaliangukia malisho, na familia zikalazimika kuhama na mifugo. Si mara ya kwanza watu kuishi chini ya mlima huu. Huko Engare Sero, katika matope yaliyotokana na majivu ya Lengai, zimehifadhiwa nyayo zaidi ya 400 za binadamu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 unazikadiria kuwa na umri wa kati ya miaka 19,000 na 5,760. Watu hao walipita pekupeku juu ya tope bichi, baadhi wakitembea na wengine wakikimbia.

Baada ya 2008 zaha nyeusi ilirudi tena, safari hii ndani ya shimo lile jipya. Vipokezi vya GPS vimesimikwa kuzunguka mlima, navyo mwaka 2022 vilionyesha ardhi ikiinuka kwa kasi isiyo ya kawaida, dalili ya magma kujikusanya chini. Kutoka kijiji cha Engare Sero, siku ya anga safi, kilele kinaonekana cheupe na kimya.