Michezo ya Maswali ya Zamani na Mafunzo Yake

Wazee wetu mliosoma hapa mkija kututembelea hupenda kusema kwamba michezo ya televisheni ya zamani ilikuwa mizuri kuliko ya sasa. Kaka zetu nao wanakumbuka mashindano ya vyuo vikuu yaliyoitwa Celtel Africa Challenge, kisha Zain Africa Challenge baada ya kampuni kubadili jina mwaka 2008. Wanafunzi wa Uganda, Kenya na Tanzania walishindana kujibu maswali ya John Sibi-Okumu, mwigizaji na mtangazaji wa Kenya. Kaka zetu hata leo huiga sauti yake.

Jambo hili latuhusu sasa hivi. Muhula huu chama chetu cha burudani kinataka kuanzisha mchezo wa maswali kila Jumamosi usiku. Wengine wanataka kila mtu alipe shilingi 1,000, na mshindi achukue fedha zote. Mimi sikubaliani nao, na katika makala hii nitaeleza sababu zangu. Kwanza yafaa tujue michezo hiyo ya zamani ilikuwaje.

Mchezo uliosifiwa sana ulikuwa wa Marekani, ukiitwa "What's My Line?", maana yake "Kazi yangu ni ipi?" Ulianza mwezi wa Februari 1950, ukaendelea katika televisheni ya CBS mpaka Septemba 1967, kwa muda mwingi ukionyeshwa Jumapili usiku. Mwenye kuuongoza alikuwa John Daly, ambaye alizaliwa katika bara letu hili, mjini Johannesburg, mwaka 1914. Picha zake nyingi zimehifadhiwa, nami nimezitazama.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mtu aliingia, akaandika jina lake ubaoni, akaketi karibu na Daly. Watazamaji walionyeshwa kazi yake, lakini waulizaji wanne hawakuambiwa. Basi walimwuliza kwa zamu maswali ya kujibiwa "ndiyo" au "siyo" tu. Kila "siyo" ilimpa mgeni dola 5, na zamu ikamwendea mwulizaji mwingine. Zikifika "siyo" kumi, mgeni alikuwa ameshinda, naye alipata dola 50 na si zaidi.

Kisha alikuja mgeni wa siri, mtu mwenye sifa kubwa. Hapo waulizaji walifungwa vitambaa machoni, na mgeni akabadili sauti yake asitambulikane. Waliokuja ni wengi. Mwaka 1953 alikuja Bibi Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais. Mwaka 1965 alikuja Muhammad Ali, yule ambaye mwaka 1974 alimpiga George Foreman mjini Kinshasa, kwa jirani zetu wa Kongo. Mwaka 1957 alikuja mchoraji Salvador Dalí, akachekesha watu sana. Karibu kila alichoulizwa alijibu "ndiyo", hata Daly akalazimika kuingilia kati ili waulizaji wasipotee kabisa.

Angalieni jambo moja. Mke wa Rais na mtu wa kazi ndogo waliketi kiti kile kile na kuandika jina kwenye ubao ule ule. Wala hakuna aliyekuja kutafuta utajiri, maana dola 50 hazikumtajirisha mtu. Watu walipenda raha ya kuuliza na kukisia.

Raha hiyo si ngeni kwetu. Mtu asemapo "Kitendawili!" nasi tukajibu "Tega!", tunacheza mchezo wa namna hiyo hiyo. Na tukishindwa tunampa nini? Tunampa mji! Huupokea kwa maneno matupu, akatamba kama mfalme, kisha tukaendelea. Hajatokea mtu wa kuiba jibu la kitendawili, kwa kuwa mji ule hauuziki sokoni.

Sasa tutazame upande wa pili, ili tusidhani kwamba kila cha zamani kilikuwa safi. Mwezi wa Septemba 1956 televisheni ya NBC ilianza mchezo uitwao "Twenty-One". Washindani wawili walisimama ndani ya vibanda visivyopitisha sauti, na zawadi ilikuwa maelfu ya dola. Mshindi wa kwanza kujulikana sana alikuwa Herbert Stempel. Baadaye wakubwa wa mchezo walimtaka mtu wa kupendeza zaidi, wakamchagua Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mwezi wa Desemba 1956 Stempel aliamriwa akosee kwa makusudi swali juu ya filamu iliyopata tuzo kubwa ya mwaka 1955. Jibu lilikuwa "Marty", naye alilijua vizuri, lakini alitaja filamu nyingine kama alivyoagizwa.

Van Doren alipewa majibu mapema, akajifanya kufikiri na kufuta jasho. Alijipatia dola 129,000, na sifa zake zikaenea nchi nzima. Lakini siri haikudumu. Tarehe 2 Novemba 1959 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akakiri udanganyifu. Alipoteza kazi ya ualimu na kazi ya televisheni pia. Mwaka 1960 sheria ilitungwa kukataza udanganyifu wa namna hiyo.

Michezo hii miwili ilikuwako katika nchi moja na miaka ile ile. Basi anayetamani ya zamani lazima achague anatamani ipi. Kwa maoni yangu, kinachostahili kutamaniwa ni zawadi ndogo na swali la haki, wala si miaka yenyewe. Zawadi ikiwa kubwa kuliko mchezo, atatokea mtu wa kuuza majibu, na mwingine wa kuyanunua. Sisi tunaokaribia mitihani ya mwisho tunajua vizuri uchungu wa habari kwamba karatasi imevuja. Hata aliyekesha akisoma hutiliwa shaka pamoja na mwizi. Kwa nini tujifunze tabia hiyo wenyewe siku ya Jumamosi kwa shilingi 1,000?

Tena mchezo wa "ndiyo" na "siyo" hunoa akili. Swali zuri hugawa mambo nusu kwa nusu. Maswali kumi ya namna hiyo yaweza kupambanua vitu 1,024, na maswali ishirini vitu zaidi ya milioni moja. Mwanafunzi mpumbavu huanza kwa kuuliza, "Je, wewe ni fundi cherehani?" Mwenye busara huuliza, "Je, kazi yako huifanya ukiwa umeketi?" kisha, "Je, hulipwa na serikali?" Hivyo ndivyo daktari atafutavyo ugonjwa, na fundi atafutavyo ubovu wa injini.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Tucheze bila kiingilio. Waulizaji wawe wanne, wafungwe vitambaa machoni, na mshindi apewe mji kwa jadi yetu: leo Arua, kesho Koboko, juma lijalo Yumbe. Nanyi wazee na kaka zetu mliotutangulia, twawaomba mje kuwa wageni wetu wa siri. Miongoni mwenu wamo maafisa wa forodha huko Oraba, wauguzi, madereva wa malori yaendayo Juba, na waliopima tumbaku ya wakulima zamani. Njoni mwandike majina yenu ubaoni, mbadili sauti zenu, nasi tutakisia. Kwa njia hiyo mtaona tena mchezo mnaoutamani, nasi tutajua ni kazi gani zinatungoja tukitoka hapa.