Mgao wa Shule Unapopungua: Jinsi Mzazi Anavyojiandaa kwa Mkutano

Julai 2025, Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Hazina haimudu mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, na kwamba uwezo uliopo ni takriban 16,900. Upungufu huo hatimaye hufika kwenye mkutano wa wazazi, pale mwalimu mkuu anaposimama kueleza kwa nini shule inahitaji mchango. Mzazi akienda bila maandalizi, ataitikia lolote.

Hatua ya 1: Fahamu kiwango cha ngazi ya mtoto wako. Sekondari ni hizo 22,244 zilizowekwa mwaka 2018. Sekondari msingi ni 15,042, na shule ya msingi ni 1,420 kwa mwaka. Usichanganye ngazi hizi, hata kama madarasa yako ndani ya ua mmoja.

Hatua ya 2: Piga hesabu nyumbani. Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na wengi huiruka. Mgao hupangwa kutolewa kwa mihula mitatu: asilimia 50, kisha 30, kisha 20. Tuseme sekondari yenu ina wanafunzi 300. Muhula wa kwanza, kila mwanafunzi angestahili shilingi 11,122, yaani shule nzima 3,336,600. Kwa kiwango cha 16,900, jumla inashuka hadi 2,535,000. Pengo ni 801,600 kwa muhula mmoja. Andika tarakimu hizo kwenye karatasi uende nazo. Kumbuka pia kwamba si kila shilingi huingia katika akaunti ya shule. Sehemu hubaki makao makuu ya Wizara ya Elimu kulipia mambo kama vitabu. Kwa hiyo usikimbilie kumshuku mwalimu mkuu ukiona tofauti. Mpe nafasi aeleze kilichokatwa na kilichocheleweshwa.

Hatua ya 3: Kaa na wazazi wenzako kabla ya siku yenyewe. Mkubaliane nani atauliza nini. Mzazi mmoja akiuliza peke yake huonekana mkorofi, ila watano wakiuliza kwa utaratibu, bodi ya usimamizi husikiliza. Mwakilishi wenu katika chama cha wazazi aombe hesabu zigawiwe kwa maandishi mapema.

Hatua ya 4: Uliza maswali haya, tena kwa heshima. Mwalimu, pesa zilizoingia muhula huu ni kiasi gani, na ziliingia lini? Zimehesabiwa kwa wanafunzi wangapi, na darasani wako wangapi? Swali hili la pili lina uzito wa pekee, kwa sababu mtoto ambaye hajaingizwa katika mfumo wa serikali wa taarifa za elimu, mara nyingi kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, anakaa darasani bila mgao wake. Hapo chifu, akiwepo mkutanoni, anaweza kusaidia papo hapo: wazazi wa watoto hao wajue wafike ofisini kwake na nyaraka zipi. Kisha ulizeni madeni: shule inadaiwa na nani, na tangu lini?

Hatua ya 5: Mchango ukitajwa, rejeleeni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29. Karo ya masomo hairuhusiwi katika shule ya umma. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri wa Elimu akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lazima yatolewe risiti rasmi, na hakuna mtoto anayeweza kukataliwa shuleni kwa kushindwa kuyalipa. Kunyanyua mikono barazani hakuchukui nafasi ya idhini hiyo. Najua shule nyingi zimebanwa kweli, na wazazi wenye uwezo wana haki ya kusaidia. Lakini kumrudisha mtoto nyumbani ni kumwadhibu kwa deni la serikali.

Hatua ya 6: Hakikisha maazimio yameandikwa na yamesomwa kabla watu hawajatawanyika.

Hatua ya 7: Mkinyimwa hesabu, andikeni barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 kuhusu haki hiyo inaitaka ofisi ya umma itoe uamuzi ndani ya siku 21. Nakala ipelekwe kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Wakinyamaza, lalamikeni kwa Tume ya Haki za Kiutawala.

Wazazi wenzangu, tukinyimwa hesabu, tuiandike barua hiyo muhula huu, majina yetu yote yakiwa chini yake.