SOMO LA 15: DAMU YENYE UMBO LA MUNDU



Katika vijiji vingi yupo mtoto asiyeishiwa na maradhi. Leo analia mifupa inamuuma. Kesho macho yake yamekuwa ya manjano. Wiki ijayo amepungukiwa damu. Watu husema amerogwa. Wengine humlaumu mama yake, wakidai ameleta mkosi kutoka kwao. Ndoa nyingine zimevunjika kwa ajili hiyo. Leo tutajifunza sababu ya kweli ya ugonjwa huu. Unaitwa selimundu, na wengi wanaujua kwa jina la sikoseli.

1. Kazi ya damu

Damu ni nyekundu kwa sababu ina chembe nyekundu nyingi mno. Ndani ya chembe hizo kuna protini iitwayo himoglobini. Kazi yake ni kuchukua hewa safi ya oksijeni kwenye mapafu na kuisambaza mwilini. Himoglobini ni mchukuzi: hupakia mzigo mapafuni na kuushusha kwenye misuli, ubongo na viungo vyote.

Chembe nzuri ni ya mviringo, imebonyea katikati, na ni laini. Hupita hata katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Huishi siku 120 hivi, kisha mwili hutengeneza nyingine.

2. Jeni ni nini?

Mwili hujuaje kutengeneza himoglobini? Hufuata maagizo yaliyomo ndani yake. Agizo moja la namna hiyo huitwa jeni. Tusichanganye jeni na jini! Jeni ni maandishi ya mwili, nayo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Kila mtu hupokea nakala moja kutoka kwa baba na nakala moja kutoka kwa mama.

Jeni tunayoizungumzia leo wataalamu wameipa jina la HBB. Inaagiza sehemu moja ya himoglobini, yenye viungo 146 vilivyopangwa kama shanga katika uzi.

Wewe umejifunza kusoma, kwa hiyo unajua nguvu ya herufi moja. Andika: "Nenda dukani ukanunue dawa." Sasa badilisha herufi moja tu: "Nenda dukani ukanunue dada." Sentensi bado inasomeka, lakini maana imeharibika. Ndivyo ilivyo katika selimundu. Herufi moja ya jeni ya HBB imebadilika, na kwa hiyo shanga ya 6 imekuwa ya aina nyingine. Mwaka 1957 mtaalamu Vernon Ingram, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha kuwa tofauti ni kiungo hicho kimoja tu.

3. Chembe hugeukaje?

Himoglobini iliyobadilika ikishusha mzigo wake wa oksijeni, hunatana na wenzake na kuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huivuta chembe hata ikapinda kama mundu wa kukatia nyasi. Daktari James Herrick wa mji wa Chicago, Marekani, alieleza umbo hilo katika maandishi yake ya mwaka 1910.

Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu makali yanapotokea. Tena chembe hizo hufa upesi, baada ya siku 10 hadi 20, na mtoto hupungukiwa damu.

Mtoto mchanga huonekana mzima kwa miezi ya kwanza. Hii ni kwa sababu bado ana himoglobini ya utotoni, inayoagizwa na jeni nyingine. Hiyo inapopungua, karibu na miezi 6, dalili huanza. Mara nyingi huanza kwa mikono na miguu kuvimba.

4. Zoezi la maharage

Darasani, chukueni makopo mawili. Moja ni la baba, la pili ni la mama. Katika kila kopo tieni harage jeupe moja na harage jekundu moja. Jeupe ni jeni ya kawaida, jekundu ni jeni ya mundu.

Bila kutazama, toeni harage moja katika kila kopo. Andikeni mlichopata, rudisheni maharage, kisha rudieni mara 40. Mtaona kuwa katika kila mara 4, kwa wastani:

– mara 1 ni meupe mawili: mtoto hana jeni ya mundu;
– mara 2 ni jeupe na jekundu: mtoto ameibeba jeni, lakini si mgonjwa;
– mara 1 ni mekundu mawili: mtoto ana selimundu.

Tumejifunza nini? Kwanza, wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa wakazaa mtoto mgonjwa. Pili, mekundu mawili hutoka kwa wote wawili, hivyo hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Tatu, kila mimba ni bahati nasibu mpya. Aliyezaa mtoto mmoja mgonjwa asidhani kuwa watatu wafuatao lazima wawe wazima.

5. Kwa nini jeni hii haikutoweka?

Zamani wengi wenye mekundu mawili walikufa kabla ya kuzaa. Basi jeni hii ingepaswa kupungua hata iishe. Mbona ipo?

Jibu lilipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wengi. Aliona kuwa jeni hii ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Viktoria, palipo na malaria nyingi, lakini ni adimu kwenye nyanda za juu na mahali pakavu. Kisha aliona kuwa watoto wenye jeupe na jekundu walikuwa na vijidudu vya malaria mara chache kuliko wengine. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1954.

Kwa hiyo wabebaji wa jeni moja walipona malaria iliyoua wenzao, wakakua, wakazaa, wakairithisha. Ndiyo maana jeni hii ipo pia Uarabuni na India, mahali palipokuwa na malaria. Si mkosi wa kabila wala wa ukoo fulani. Ni alama ya vita virefu vya babu zetu na malaria.

Lakini angalieni! Kinga hiyo ni ya mbebaji. Mgonjwa wa selimundu akipata malaria huwa katika hatari kubwa.

6. Tufanye nini?

– Tupime damu kabla ya kuoana, na watoto wapimwe mapema.
– Mtoto mgonjwa alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, akingwe na baridi.
– Apate chanjo zote. Chini ya miaka 5 hupewa penisilini kila siku.
– Akipata homa, kupumua kwa shida, kupooza au kuvimba bandama, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.
– Muulizeni mganga wa zahanati kuhusu dawa ya hidroksiurea. Huamsha himoglobini ya utotoni na kupunguza maumivu.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayorekebisha maandishi ya jeni katika chembe za mgonjwa mwenyewe. Gharama yake ni kubwa mno. Lakini kupima damu, chandarua na kuacha kulaumiana ni mambo tunayoweza kuyaanza sasa.

MASWALI

1. Himoglobini hufanya kazi gani?
2. Kwa nini si haki kumlaumu mama peke yake?
3. Mbebaji akioana na mtu mwenye meupe mawili, je, wanaweza kupata mtoto mwenye mekundu mawili? Tumieni makopo kujibu.
4. Jadilini: katika kijiji chenu, familia yenye mtoto wa selimundu inasaidiwaje?